Magurudumu ya Motokaa: Namna ya Kuchagua Rimu na Tairi Lenye Kipimo Chake



Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za magurudumu ya motokaa, yaani rimu pamoja na matairi yavikwayo juu yake. Huenda wako wasikilizaji watakaosema, "Jambo hilo ni la mafundi na madereva, latuhusu nini sisi?" Nami nawajibuni kwamba lamhusu kila mtu apandaye motokaa, hata abiria wa siku moja. Motokaa nzima, pamoja na watu na mizigo yao, huigusa njia kwa vipande vinne tu vya mpira, na kila kimoja ukubwa wake ni kama kitanga cha mkono. Nguvu ya mtambo, ushikaji wa breki na utii wa usukani, vyote hupita katika vitanga hivyo vinne. Vikishindwa kazi yao, uhodari wa dereva hausaidii kitu.

Twaishi katika zama ambazo watu wengi wa Afrika ya Mashariki hununua motokaa zilizokwisha kutumika Japani, na mara nyingi jambo la kwanza ambalo mwenye motokaa hutaka kulibadili ni magurudumu. Huziona rimu za alumini dukani, ziitwazo rimu za spoti, zinang'aa kama sahani za harusi, na moyo wake huzitamani. Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Sisemi kwamba ni vibaya kupamba motokaa. Nasema kwamba yapasa kinyemi hicho kipimwe kwanza, kwa maana gurudumu lina vipimo vyake kama viatu vilivyo na vyake, na tofauti ni hii, kwamba kiatu kisichofaa humwumiza mvaaji peke yake.

Sasa nawaombeni mtwae karatasi na kalamu, kwa sababu hesabu hazishikiki kwa masikio matupu. Andikeni maneno haya, ambayo ni alama za ubavuni mwa tairi moja lililo la kawaida sana katika Toyota nyingi: 195/65 R15 91S. Tutazifafanua moja moja.

Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita, kutoka ubavu hata ubavu. Namba ya pili, 65, si milimita. Ni kadiri ya kimo cha ubavu ukilinganishwa na upana huo, sehemu 65 katika 100. Kwa hiyo kimo cha ubavu wa tairi hili ni 195 mara 65, ukagawanya kwa 100, nacho ni milimita 126.75. Herufi R yaonyesha kwamba nyuzi zilizo ndani ya tairi zimepangwa kutoka ukingo mmoja moja kwa moja hata ukingo wa pili. Mpango huo uliandikishwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946, miaka 58 baada ya John Boyd Dunlop kupata hati ya tairi lake la upepo mwaka 1888 huko Belfast. Na leo karibu matairi yote ya motokaa ndogo ni ya namna hiyo. Namba 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tazameni jinsi walivyochanganya: upana kwa milimita, kimo kwa sehemu za mia, na kipenyo kwa inchi. Ndiyo sababu watu wengi huzisoma alama hizi kila siku wala wasizielewe.

Yabaki 91 na S. Hizi watu huzipuuza, nazo ndizo zenye uhai wa watu ndani yake. Namba 91 ni alama ya uzito ambao tairi laweza kuubeba likiwa na upepo wake uliowekewa. Haina maana ya kilo 91. Ni namba ya mstari katika jedwali la watengenezaji, na katika jedwali hilo 91 ni kilo 615. Namba 87 ni kilo 545, 88 ni kilo 560, na 94 ni kilo 670. Herufi S ni mwendo wa mwisho ambao tairi limejaribiwa kuustahimili, kilometa 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210, na V ni 240. Mtu asidhani kwamba herufi hizi ni ruhusa ya kukimbia. Ni kipimo cha kustahimili joto, na joto ndilo adui mkubwa wa tairi.

Basi sasa tuje kwenye badiliko lenyewe. Tuseme mwenye motokaa hii anataka rimu za inchi 17 badala ya 15. Je, aweza? Aweza, akishika kanuni moja: rimu ikikua, ubavu wa tairi yapasa upungue, ili kipenyo cha gurudumu zima kisibadilike, au kibadilike kidogo tu. Mafundi wengi husema kwamba tofauti isizidi sehemu 3 katika 100.

Tufanye hesabu pamoja. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Ongezeni mbavu mbili, wa juu na wa chini, yaani 126.75 mara mbili, ambayo ni 253.5. Jumla yake ni milimita 634.5, hicho ndicho kipenyo cha gurudumu tulilopewa na kiwanda. Sasa twaeni tairi la 225/45 R17. Rimu yake ni milimita 431.8. Ubavu wake ni 225 mara 45, ukagawanya kwa 100, yaani 101.25, na mbavu mbili ni 202.5. Jumlisheni: 634.3. Tofauti ni milimita 0.2 tu, haipati hata unene wa ukucha. Badiliko hilo kwa kipenyo ni halali.

Lakini tuseme muuzaji amwambia, "Matairi hayo sina leo, chukua haya ya 215/60 R16, yataingia tu." Hesabu ya hayo ni 406.4 na 258, jumla 664.4. Gurudumu limezidi kwa milimita 29.9, karibu sehemu 5 katika 100. Mambo gani hutokea? Kwanza, mita ya mwendo husema uongo. Mita huhesabu mizunguko ya gurudumu, nalo gurudumu kubwa huenda mbali zaidi katika kila mzunguko. Mita ikionyesha 100, motokaa yaenda karibu 105, na dereva hana habari. Pili, mtambo hulemewa kupanda vilima, na breki hulemewa kusimamisha. Tatu, usukani ukikatwa kabisa, au motokaa ikijaa watu na kuzama kwenye springi zake, tairi laweza kusugua madigadi au mabomba ya breki. Motokaa tupu ikijaribiwa mbele ya duka haitaonyesha kasoro hiyo. Itaonekana siku ya safari, watu watano wamo ndani na buti limejaa magunia.

Na ile alama ya uzito msiisahau. Tairi la 215/45 R17 hupatikana likiwa na namba 87, nayo ni kilo 545. Ukiliweka katika motokaa iliyowekewa 91 na kiwanda chake, umepunguza kilo 70 katika kila gurudumu, na kilo 280 katika yote manne. Huo ni uzito wa watu wazima wanne. Kwa macho ya kawaida motokaa yapendeza kuliko jana, wala hakuna mtu awezaye kuuona upungufu huo mpaka joto na mzigo viukutane njiani. Kwa hiyo shikeni kanuni hii: namba ya uzito na herufi ya mwendo zisiwe chini ya zile zilizowekwa na mtengenezaji wa motokaa.

Sasa tuziangalie rimu zenyewe, kwa kuwa tairi lililo sawa juu ya rimu isiyo sawa halifai kitu. Mambo ya kupima ni matano.

La kwanza ni matundu ya bolti. Hesabuni ni mangapi, kisha ulizeni duara lao lina kipenyo gani. Toyota nyingi ndogo zina bolti 4 au 5 katika duara la milimita 100. Kubwa kidogo zina 5 katika duara la milimita 114.3, na Hilux za magurudumu manne ya kuvuta zina 6 katika duara la 139.7. Motokaa nyingi za Ujerumani zina 5 katika duara la 112. Angalieni hapa: 112 na 114.3 zakaribiana sana, hata fundi mwenye nguvu aweza kulazimisha rimu ya moja iingie katika bolti za nyingine. Itaingia, lakini bolti zitapinda na nati hazitakaa sawasawa. Gurudumu la namna hiyo hujifungua lenyewe polepole, nalo huweza kuchomoka motokaa ikiwa katika mwendo.

La pili ni tundu la katikati, lile lipitalo juu ya kitovu cha ekseli, ambacho mafundi hukiita habu. Toyota za bolti 5 katika duara la 100 zina habu ya milimita 54.1. Subaru nyingi za zamani, kama Impreza iliyotoka mwaka 2000, nazo zina bolti 5 katika duara la 100, lakini habu yake ni 56.1. Kwa hiyo rimu ya Toyota haitaingia katika Subaru, na rimu ya Subaru itaingia katika Toyota huku imelegea kwa milimita 2. Iliyolegea hivyo hutetemesha usukani katika mwendo mkubwa, hata ikibalansiwa mara kumi. Dawa yake ni pete nyembamba ya kujaza nafasi hiyo, nayo bei yake ni ndogo.

La tatu ni nati. Nati za Toyota na za Subaru zafanana kwa unene, bolti zote zikiwa za milimita 12, ila hesi zake ni mbalimbali: meno ya Toyota yameachana kwa milimita 1.5, na ya Subaru kwa 1.25. Ukiilazimisha nati ya moja katika bolti ya nyingine utaharibu meno yote mawili. Tena nati zina umbo la kukalia: nyingine ni za mchongoko, nyingine ni mviringo kama yai, kama zile za Honda, na nyingine zina washa bapa, kama zile za rimu nyingi za alumini zitokazo kiwandani kwa Toyota. Rimu ya dukani kwa kawaida yataka nati za mchongoko. Basi mwenye kununua rimu anunue na nati zake.

La nne ni upana wa rimu. Tairi la 195/65 R15 hukubali rimu yenye upana wa inchi 5.5 hata 7; lile la 225/45 R17 lataka inchi 7 hata 8.5. Tairi pana katika rimu nyembamba huvimba kama mkate, na tairi jembamba katika rimu pana huvutwa mbavu zake. Yote mawili huliondolea tairi kukaa imara ukingoni.

La tano ni kina cha kukalia, ambacho mafundi hukiita ofseti, na alama yake ni ET na namba ya milimita. Hiki ni kipimo cha kutoka mstari wa katikati wa upana wa rimu hata uso wake ugusao habu. Namba ikipungua, gurudumu hutoka nje; ikizidi, huingia ndani. Tuseme rimu ya kwanza ilikuwa ya inchi 6 na ET45, na mpya ni ya inchi 7 na ET35. Upana umeongezeka kwa milimita 25.4, nusu yake kila upande; na kina kimelisogeza gurudumu nje kwa 10. Kwa hiyo ukingo wa nje umetoka kwa milimita 22.7, na wa ndani umeingia kwa 2.7 tu. Je, madigadi yana nafasi hiyo? Pimeni kabla ya kulipa. Tena gurudumu lililosukumwa nje sana huzichosha beringi na kuufanya usukani uvute.

Nimesema habari za vipimo. Sasa niseme kidogo habari za njia zetu. Yule mwenye rimu za inchi 17 amepoteza zaidi ya sentimita 2 za ubavu wa tairi. Ubavu huo ulikuwa mto wa kulia shimo. Katika barabara ya lami iliyonyoka hatauona upungufu; bali akiingia shimoni kwa mwendo, pigo litafika katika rimu yenyewe, nayo itapinda au kupasuka. Mtu akaaye kando ya njia ya changarawe, au apitaye mabarabara yenye mashimo kila siku, atafanya busara kubaki na rimu za kiwanda na ubavu mnene. Na anunuaye rimu za alumini atazame nyuma yake. Rimu iliyofanywa kwa kanuni za Japani ina alama JWL, na nyingi zina VIA pia, ambayo maana yake ni kwamba namna hiyo imejaribiwa na kuandikishwa. Tena nyingi zimeandikwa uzito ziwezao kubeba. Rimu isiyo na alama yoyote wala jina la aliyeifanya, heri muiache mlipoikuta.

Liko jambo jingine litupasalo sisi tununuao vitu vilivyotumika. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT, mtaona namba nne za mwisho. Zikiwa 2319, maana yake lilifanywa katika juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani. Hukauka na kuwa mgumu, huku meno yake yangali marefu kama mapya. Tarehe 30 Novemba 2013, huko California, mchezaji wa sinema Paul Walker na mwenziwe aliyekuwa akiendesha walikufa katika motokaa ya fahari iliyokwenda kasi mno. Wapelelezi waliona kwamba mwendo ndio uliosababisha ajali, na wakaeleza pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa, jambo lililoipunguzia motokaa ushikaji wake. Motokaa ya thamani kubwa kama ile, nayo ilikanyaga juu ya mpira uliozeeka.

Tazameni pia kama tairi limeandikwa STUDLESS, au lina picha ya mlima na chembe ya theluji. Hayo yalifanywa kwa ajili ya majira ya baridi ya Japani. Mpira wake ni laini, unaoshika barafu. Katika joto la Mombasa au la Dar es Salaam huisha upesi sana, na breki zake huchelewa. Motokaa nyingi zimefika kwetu zikiwa nayo, na mwenyewe akadhani amepata matairi mapya.

Mwisho ni upepo. Kipimo chake kimeandikwa katika kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Za Japani husema kwa kilopaskali: 220 ni sawa na ratili 32 kwa kila inchi ya mraba. Namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, wala sicho kipimo cha motokaa yenu. Pimeni asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo haba hukunjika mbavu katika kila mzunguko, na kukunjika huko huzaa joto, na joto huachanisha tabaka zake. Mwezi wa Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5 huko Marekani, mengi yakiwa katika motokaa za Ford Explorer, kwa sababu ngozi zake zilikuwa zikibanduka njiani. Serikali ya huko ilihesabu vifo 271. Kampuni hizo mbili zilibishana sana juu ya chanzo, na moja ya mambo waliyobishania ni upepo wa ratili 26 ambao wenye motokaa waliambiwa watie.

Basi, mkienda dukani chukueni karatasi iliyoandikwa haya: kipimo cha tairi la kiwanda, namba ya uzito na herufi ya mwendo, idadi ya bolti na duara lake, tundu la katikati, hesi ya nati, upana wa rimu na ET yake. Muuzaji mwema atafurahi kuiona, kwa kuwa itampunguzia kazi. Asiyetaka kuisoma, mshukuruni, kisha mwende duka la pili. Rimu zikiisha kufungwa, nati zikazwe kwa kuvukana kama ncha za nyota, wala si kwa kufuatana. Na baada ya kilometa 80 au 100 zikazwe tena. Na tairi la spea nalo litazamwe upepo na umri wake, kwa maana siku litakapotakiwa halitakuwako jingine.